Nyuki mmoja, laki tatu na sitini: nilichojifunza kwa daktari wa mzio

Wiki hii sitaongelea mtaji wala jinsi ya kupanga bei. Naongelea nyuki. Najua wapo watakaocheka, lakini mwaka jana mwezi wa kumi na moja nyuki mmoja tu, sio kundi, mmoja, alinifungia duka siku mbili katikati ya msimu wa korosho, halafu akanipeleka Dar siku nne. Na nusura nisilifungue tena hilo duka.

Kwa wasiojua, duka langu liko huku Mtua, Nachingwea. Nauza vya kila siku: unga, sukari, sabuni, soda, vocha. Pembeni nilikuwa nauza asali ya rejareja, inaletwa kwenye madumu ya lita 20 mi naipima kwenye chupa. Msimu wa korosho ndio hela inakuwepo, watu wakishalipwa na AMCOS utawaona. Sasa msimu huohuo ndio mabibo yanaoza chini ya mikorosho, watu wanakamua uraka, kila kona harufu tamu. Nyuki na nyigu wanakuwa wengi kuliko wateja. Ukiongeza dumu la asali linalovuja kwenye kifuniko, na makreti ya chupa tupu za soda ambazo hujazisuuza, umewaita mwenyewe.

Mi nilishaumwa na nyuki mara nyingi utotoni, sikuwahi kuogopa. Ila miaka miwili nyuma niliumwa kwenye kidole, mkono ukavimba hadi karibu na kiwiko, siku tatu. Nikaona kawaida. Mara iliyofuata nikatoka vipele vikubwa mwili mzima, nikameza Piriton, nikalala, kesho yake nikafungua duka. Hapo ndipo nilipokosea, na ndio maana naandika hili somo. Ile ya vipele mwili mzima ilikuwa onyo.

Siku yenyewe ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa nasogeza kreti, nyuki akanichoma nyuma ya sikio. Nikamtoa, nikaendelea kumhudumia mteja. Kabla hata sijarudisha chenji, viganja vikaanza kuwasha, nyayo zikawasha, kisha tumbo likanikata kama nataka kuhara. Ulimi ukawa mzito. Sauti ikabadilika, mwenyewe naisikia kama sio yangu. Mama anayeuza maandazi jirani akanipaka kitunguu. Mwingine akaleta maziwa. Mwingine akasema nipewe Piriton nipumzike. Wote walikuwa na nia njema na siwalaumu, ila kama robo saa ilipita hivyo. Mjomba alipofika akaniangalia usoni akasema huyu twendeni, akanipakia kwenye bodaboda katikati yake na dereva. Njiani nilizimia begani kwa dereva.

Kwenye zahanati nesi hakuuliza maswali mengi. Alinilaza chini, akainua miguu, akanichoma sindano ya paja. Dakika chache nikaanza kusikia watu wanaongea. Wakaniwekea dripu. Nilipotaka kuondoka saa nane kwa sababu ya duka, akakataa kabisa. Na kweli, jioni vipele vilirudi na kifua kikabana tena, nikachomwa ya pili. Ningekuwa nimeshafika nyumbani, sijui.

Yule nesi ndiye aliyeniambia, "Dada, hii usiiache hivi. Nenda kamuone bingwa."

Sasa tuje kwenye kumuona bingwa, maana hapa wengi tunakwama. Tunasema hela hakuna, muda hakuna, na nyuki mwenyewe ameshakufa. Mi nilichelewa wiki tano. Nilikuwa nakaa dukani nimejifunga kanga kichwani na masikioni, kila inzi akipita nashtuka. Mteja mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikaona hii sio biashara, hii ni kifungo.

Kitu cha kwanza nilichojifunza: madaktari wa mzio, au aleji kama tunavyosema, ni wachache nchini. Usipande basi tu ukadhani ukifika hospitali kubwa utamkuta. Nilianza hospitali ya wilaya kuchukua barua ya rufaa, na pale wakanieleza kwamba tatizo hili anaweza kulishughulikia pia bingwa wa magonjwa ya ndani, na wakati mwingine wa ngozi au wa masikio, pua na koo. Kambi za madaktari bingwa zinazozungukia hospitali za wilaya huwa zinakuja na bingwa wa magonjwa ya ndani, kwahiyo tangazo likipita kwa spika usilipuuze. Mimi nilikuwa nimechelewa kambi, ikabidi Dar. Nikapiga simu kwanza. Nikaambiwa daktari ninayemtaka anakaa siku moja tu kwa wiki. Simu ya dakika tatu iliniokolea siku sita za kukaa kwa shangazi bure.

Cha pili ni kuandika. Nina daftari la madeni la wateja, nikafungua ukurasa wa nyuma nikaandika madeni ya nyuki: tarehe niliyoumwa, mahali, mdudu gani, baada ya dakika ngapi ikaanza nini, nilikunywa dawa gani, ilikwisha lini. Mdogo wangu alikuwa amepiga picha ya uso wangu siku ile akidhani ananirekodi mara ya mwisho (tulicheka baadae), nikaibeba hiyo picha. Nikabeba na karatasi ya zahanati yenye jina la sindano niliyochomwa.

Basi likatushusha Mbagala Rangi Tatu, nikalala kwa shangazi, asubuhi nikaingia foleni.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mwanangu. Nieleze, na usiruke kitu."

Nikampa daftari. Alilisoma lote. Akasema wagonjwa wengi wanakuja na neno moja tu, "nina aleji", inabidi yeye ndio achimbe. Halafu akauliza mambo ambayo sikuyategemea. Mwiba ulibaki kwenye ngozi? Nikasema ndio. Akasema basi huyo ni nyuki, maana nyuki wa asali anaacha mwiba pamoja na kifuko cha sumu, nyigu anaondoka nao na anaweza kukuchoma tena. Una pumu? Hapana. Unatumia dawa yoyote ya presha? Hapana. Hapa akakaza, akasema zipo dawa za presha na moyo, kama propranololi na atenololi, zinaweza kufanya ile sindano ya uokoaji isifanye kazi vizuri. Kwahiyo kama una mzazi au jirani anazitumia na huwa anavimba akiumwa na nyuki, amwambie daktari wake. Asiziache mwenyewe, amwambie.

Nikamuuliza, kwanini utotoni niliumwa sana sikudhurika, na sasa nyuki mmoja aniangushe? Akanipa hadithi. Kuna Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, miaka ya 1901 na 1902 walikuwa wanawapa mbwa sumu ya viumbe wa baharini kidogo kidogo wakitegemea watazoea. Baadhi ya mbwa walipopewa dozi ndogo ya pili baada ya wiki kadhaa, wakafa haraka. Badala ya kuzoea, mwili ulikuwa umejiandaa vibaya. Richet akapata tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo, na hali yenyewe wakaiita anafailaksisi. Mi nilielewa kidukani: mara ya kwanza mwili unaandika jina kwenye daftari, hausemi kitu. Siku mdeni akipita tena mlangoni, unatoka wote na marungu. Sumu ya nyuki mmoja haiwezi kumwangusha mtu mzima. Kinachomwangusha ni vita ya mwili wake mwenyewe.

Akanitenganishia mambo matatu ambayo sisi tunayachanganya. Kuvimba pale ulipoumwa, hata kama ni mkono mzima na unachukua siku kadhaa, kunauma na kunatisha lakini mara nyingi sio hatari ya maisha. Wengi wa watu hao wakiumwa tena wanavimba tu vilevile; pengine chini ya mmoja kwa kila kumi ndiye atapata shida ya mwili mzima. Tofauti kabisa ni yule ambaye dalili zinaenda mbali na palipoumwa: vipele mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukwaruza, kifua kubana, kutapika, kizunguzungu, kuzimia. Huyo akiumwa na nyuki tena, kati ya watatu na sita kwa kila kumi watarudia hali hiyo. Na la tatu ni kushambuliwa na kundi. Miiba mingi ni sumu nyingi, hapo hata asiye na aleji anapelekwa hospitali, maana sumu inaweza kuharibu hata figo.

Nikauliza kuhusu Piriton. Nauza dukani jirani na mimi nilikuwa naamini ndio kinga. Akatikisa kichwa. Piriton na sitirizini zinapunguza muwasho na vipele. Haziwezi kufungua koo lililovimba wala kupandisha presha iliyoshuka. Dawa ya hiyo hali ni moja, adrenalini, inachomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, mapema. Kwa mtu mzima ni nusu miligramu, na kama hakuna nafuu inarudiwa baada ya dakika kama tano. Sio dawa ya ajabu, iko kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu, kichupa chake ni kidogo kuliko kidole. Akasema watu wengi wanaokufa, dawa ilikuwepo, ila ilichomwa ikiwa imechelewa kwa sababu walianza na vingine. Nikakumbuka kitunguu.

Kuhusu bodaboda alinyamaza kidogo. Akasema mtu ambaye presha imeshuka hatakiwi kukalishwa wala kusimamishwa ghafla, alazwe chali miguu juu, na kama anatapika alazwe ubavu. Kama shida ni pumzi tu na kichwa hakizunguki, anaweza kukaa. Nikamwambia daktari, kwetu gari ni la kutafuta. Akasema, "Basi mleteni mwenye sindano kwa mgonjwa, kama inawezekana, badala ya kumpeleka mgonjwa kwa sindano." Hilo sikuwahi kuliwaza. Bodaboda hiyohiyo inaweza kwenda kumchukua nesi. Na kama haiwezekani, tafuteni bajaji au kirikuu mtu alale.

Tukafika kwenye vipimo, na hapa nawaomba msome kama wafanyabiashara. Kuna kipimo cha ngozi, wanadondoshea sumu kidogo sana ya mdudu kwenye mkono na kukwaruza, wanaangalia kama panavimba. Kinafanyika vizuri wiki nne hadi sita baada ya kuumwa, na siku kadhaa kabla unaacha zile dawa za aleji maana zinaficha majibu. Kwahiyo kuchelewa kwangu hakukuwa hasara yote. Ila pale hawakuwa na sumu ya kupimia. Kulikuwa na kipimo cha damu ambacho kingetumwa kwingine, bei yake ilinitoa jasho. Nikakusanya ujasiri nikauliza swali ninalowauliza mawakala wa jumla: "Daktari, nikilipia hiki, majibu yakija yatabadilisha nini?"

Hakukasirika. Alisema kwa hadithi yangu, na mwiba ulioonekana, hana shaka ni nyuki. Kipimo hicho kinakuwa cha lazima zaidi kama mtu anaenda kuanza tiba ya kuzoesha mwili, yani sindano za sumu kidogo kidogo zinazopandishwa taratibu kwa miaka mitatu hadi mitano. Nchi kama Uingereza na Marekani zinaifanya na inawakinga watu wengi sana. Kwa mtu wa Mtua anayetakiwa kurudi kila mwezi, alisema tuanze na mambo yanayookoa maisha kesho asubuhi. Akaongeza kwamba hata kupima watu ambao hawajawahi kupata shida hakushauri, kwa sababu wengi damu inaonyesha mzio na wakiumwa hawafanyiki kitu. Wanabaki na hofu ya bure. Nikalipia vipimo vya kawaida tu.

Hesabu yangu iko hivi: nauli na kula njiani laki moja na ishirini, kumuona daktari elfu hamsini, vipimo na dawa laki moja na tisini. Jumla laki tatu na sitini. Sijaweka mauzo yaliyopotea, maana mdogo wangu aliuza siku nne lakini na yeye alikula soda zangu. Bima sikuwa nayo, na hilo ndilo lililoniuma kuliko mwiba.

Alinipa karatasi mbili. Moja barua ya kwenda zahanati yetu, inaeleza hali yangu na dozi, na inaomba kichupa cha adrenalini kisikosekane. Nyingine ni mpango wa dharura kwa Kiswahili, mistari sita, wa kubandika ukutani. Kuna kalamu za sindano zinazojichoma zenyewe, watu wa Ulaya wanatembea nazo, ila bei na kuisha muda wake ni mtihani kwa duka la kijijini, na hazipendi joto. Adrenalini ya kichupa nayo inatakiwa ikae mbali na jua. Ikigeuka rangi kuwa ya kahawia, haifai.

Niliporudi, kazi ilikuwa dukani. Mpango nimeubandika juu ya mzani. Namba ya nesi, ya mjomba na ya madereva wawili wa bodaboda zimeandikwa kwa kalamu nene, maana siku ile simu yangu ilikuwa na nywila na hakuna aliyeweza kuifungua. Mama wa maandazi nimemsomea mara mbili, sasa anaijua kuliko mimi. Kitu cha kwanza ni kutoa mwiba haraka, kwa kucha, kwa kadi, kwa chochote. Watu wanabishana ukwangue au ubane, lakini mwiba unaendelea kusukuma sumu, kwahiyo kinachojali ni haraka, sio mtindo.

Chupa tupu za soda nasuuza siku hiyohiyo, kreti linakaa nyuma na turubai juu. Sukari haimwagiki tena sakafuni. Juisi ya kopo sinywi bila kuangalia ndani, nyigu anapenda kuingia humo, na akikuchoma kooni hata usiye na aleji una kazi. Ndizi mbivu nimeziondoa karibu na mlango. Hii ya ndizi nilidhani daktari ananitania, kumbe nyuki akichoma anatoa harufu ya kuwaita wenzake, na hiyo harufu inafanana na ya ndizi mbivu. Ndio maana ukiumwa na mmoja karibu na mzinga, usisimame kumpiga. Funika uso, kimbia mbali, ingia ndani funga mlango. Usijitupe kwenye maji, watakusubiri.

Na asali? Wengi mmeniuliza. Kula naweza, tatizo langu ni sumu inayoingia kwa mwiba. Wapo wachache wenye mzio wa asali yenyewe, hilo ni jingine. Ila masega na madumu yanayovuja sipokei tena. Nimebadilisha: sasa anayeniletea anapima kwake na kufunga chupa huko, mi napokea zilizofungwa, faida imepungua kidogo kwa chupa. Halafu nimeanza na asali ya nyuki wadogo, wale wasio na mwiba wa kuchoma. Inapatikana kidogo, lakini bei yake iko juu na watu wanaitafuta kwa ajili ya kifua. Mzee mmoja ananiletea lita tatu tatu, na nimemuomba anifundishe kufuga, mzinga wake unaweza kukaa ukutani kwa mtu kama mimi.

Nilipopeleka ile barua zahanati, vichupa vilivyokuwepo vilikuwa viwili. Nesi alinionyesha tarehe za mwisho. Nimeziandika kwenye daftari lilelile ninalofuatilia tarehe za biskuti na maziwa ya pakiti, na kila mwisho wa mwezi nikihesabu mzigo napita kumuuliza kama bado vipo.